SHWARI SI UTULIVU: KIVUMISHI "CALM" NA MANENO YA PWANI YA MALINDI NA KILIFI

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ili kutafuta maana ya kivumishi "calm" hukutana na msururu wa maneno: shwari, -tulivu, -pole, -nyamavu, na pengine hata amani. Maneno hayo hupangwa moja baada ya jingine na kutenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba msomaji ana hiari ya kuchukua lolote lililo karibu naye. Matokeo yake huonekana katika insha. Mmoja huandika kwamba "mwalimu wetu ni shwari", mwingine kwamba "mgonjwa alikuwa mpole baada ya kudungwa sindano". Msahihishaji hupiga mstari mwekundu chini ya neno, lakini ni nadra kueleza kwa nini neno hilo halifai mahali hapo. Makala haya yanakusudia kuitafuta sababu hiyo.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba "calm" na maneno yanayotumiwa kulifasiri hayaitazami hali moja kwa jicho moja. Kivumishi cha Kiingereza hutazama matokeo, yaani kutokuwako kwa vurugu. Kiswahili huuliza zaidi: ni kitu gani kilicho katika hali hiyo? Kabla yake kilikuwaje? Nani aliyekifikisha hapo? Jibu la kila swali huongoza kwenye neno lake.

Uga uliochaguliwa ni pwani ya Malindi na Kilifi nchini Kenya. Kwanza, hapa maneno ya bahari yangali maneno ya kazi za kila siku, wala si mapambo ya ushairi pekee. Pili, Kiswahili cha eneo hili kinaishi pamoja na lugha za Kimijikenda, ambazo ni ndugu zake wa karibu na zinasaidia kufichua asili ya baadhi ya maneno. Tatu, eneo hili lina nafasi katika historia ya kamusi za Kiswahili: Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, aliishi na kufanya kazi Rabai, katika kaunti ya leo ya Kilifi. Zaidi ya hayo, historia ya pwani hii inaonyesha kwamba tofauti ya maneno haya si jambo la darasani tu. Imewahi kuwa tofauti ya uhai na kifo.

2.0 Asili ya neno la Kiingereza

Wanaetimolojia hulifuatilia neno "calm" kupitia Kifaransa na Kiitaliano hadi neno la Kigiriki lenye maana ya joto kali la mchana. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba saa ya joto ndiyo saa ya watu kupumzika na upepo kutulia. Neno hilo lilitumika zaidi kwa hewa na bahari, kisha likapanuka hadi kuingia katika nafsi ya mtu, sauti yake, uso wake, mji anaoishi na hata masoko ya fedha.

Mkaazi wa Malindi haoni ajabu kusikia joto na bahari iliyolala vikitajwa pamoja. Msimu wa kaskazi, unaoanza takriban Novemba na kuendelea hadi Machi, ndio wenye jua kali na bahari ya kusafirika. Tofauti ni kwamba Kiingereza kilichukua neno la hali ya hewa na kulipa kazi zote, ilhali Kiswahili kililiacha shwari baharini kwa muda mrefu, na kazi za nafsi, sauti na mwenendo zikapewa maneno mengine.

3.0 Shwari: hali isiyo na mwenyewe

3.1 Shwari katika misimu ya pepo

Mwaka wa baharia katika pwani hii huongozwa na pepo mbili kuu. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, na katika miezi yake ya kati bahari huchafuka hata mitumbwi midogo ikashindwa kutoka nje ya miamba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki. Baina ya pepo hizo kuna kipindi cha maleleji, wakati upepo mmoja unapokoma na mwingine haujashika. Hapo ndipo shwari hupatikana kwa wingi.

Shwari, basi, ni kukosekana kwa upepo na mawimbi. Ni hali ya nje, huja yenyewe na kuondoka yenyewe. Bahari haikufanya juhudi yoyote ili kuwa shwari, wala haistahili sifa kwa kuwa hivyo. Ni vyema pia kulitenga neno hili na maji mafu. Maji mafu ni kipindi cha mwezi ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo, kinyume cha bamvua. Maji yanaweza kuwa mafu na bahari ikachafuka kwa upepo; inaweza pia kuwa shwari wakati wa bamvua. Mfasiri anayeyachanganya mawili hayo atampoteza mvuvi.

3.2 Shwari si neema kwa kila mtu

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba shwari ni jambo jema wakati wote. Kwa mvuvi wa mtumbwi, ndiyo siku ya kazi. Kwa nahodha wa chombo cha tanga kilicho katikati ya bahari, ni msiba. Ushahidi mkubwa wa jambo hili unahusu Malindi yenyewe. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo, na kwa msaada wa upepo wa kusi akafika karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei, yaani chini ya mwezi mmoja. Aliporudi hakungoja msimu wake. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498 na hakuiona pwani ya Afrika hadi Januari 1499. Shwari za mara kwa mara na pepo za mbisho ziliwaweka baharini kwa karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga, na waliobaki wenye nguvu za kuongoza vyombo walikuwa wachache mno. Walitia nanga Malindi tarehe 7 Januari.

Bahari iliyowaua watu hao ilikuwa shwari kwa siku nyingi. Hakuna aliyekuwamo chomboni ambaye angeuita wakati huo wa utulivu. Kiingereza kina neno moja kwa hali ya bahari ile na kwa moyo wa mtu asiye na wasiwasi. Kiswahili kinayatenga, na historia ya Malindi inaonyesha kwa nini.

Aidha, shwari ni habari ya uso wa maji tu. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa siku ya msimu wa kaskazi, msimu ambao bahari huaminiwa. Mawimbi ya tsunami yaliyoanzia karibu na Sumatra yalivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Kenya, Malindi ikiwemo. Shwari ya asubuhi haikuwa na ahadi yoyote kuhusu mchana.

3.3 Sarufi ya shwari

Sarufi inaunga mkono maana hii. Shwari ni nomino katika asili yake, na hata linapotumika kama kivumishi halichukui viambishi vya upatanisho. Husemwa "bahari ni shwari", "safari ilikuwa shwari", "mambo ni shwari". Haisemwi *mshwari wala *washwari kwa maana ya watu wenye tabia hiyo. Neno linakataa kuvaa kiambishi cha mtu kwa sababu halielezi tabia ya mtu.

Matumizi ya kisasa yamelipanua. Vijana wa Kilifi, kama wenzao wa kwingineko nchini, wakiulizwa "mambo vipi?" hujibu "shwari". Mwaka 2012 huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu iliyoitwa M-Shwari ilizinduliwa nchini Kenya. Herufi ya mwanzo ya jina hilo inafuata mfano wa M-Pesa, wala si kiambishi cha ngeli ya A-WA, ingawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kudanganyika. Katika mifano hii yote, shwari bado inaeleza hali za mambo: biashara, afya, mfuko. Haijawa sifa ya nafsi.

4.0 -tulivu: hali inayofikiwa

Kivumishi -tulivu kimetokana na kitenzi tulia kwa kiambishi tamati -vu, kama vile -vumilivu ilivyotokana na vumilia na -sikivu ilivyotokana na sikia. Vivumishi vya aina hii hubeba tendo ndani yake. Mtu mvumilivu ni yule ambaye amevumilia. Mtu mtulivu ni yule ambaye ametulia. Kwa hiyo -tulivu hudokeza safari: kulikuwa na mwendo, au uwezekano wa msukosuko, na mwenye sifa akafikia kituo.

Uchanganuzi wa mofolojia unaipeleka hoja hii mbele. Umbo tulia linalingana kabisa na kauli ya kutendea ya kitenzi tua. Katika vitenzi vyenye irabu mbili mwishoni, sauti /l/ iliyopotea zamani hurudi katika kauli hiyo: chukua huwa chukulia, nunua huwa nunulia, pokea huwa pokelea. Vivyo hivyo tua huwa tulia. Ndege hutua mtini, mchukuzi hutua mzigo, jua hutua magharibi. Aliyetulia, basi, ni kama aliyeutua mzigo wake mahali.

Lugha za Kimijikenda zinathibitisha ukale wa umbo hili. Kigiriama kina kitenzi hurira, chenye maana ya kutulia na kunyamaza. Kwa sikio lisilozoea, hurira na tulia hayafanani. Lakini sauti /t/ ya Kiswahili mara nyingi hulingana na /h/ ya Kigiriama: tatu ni hahu, mti ni muhi. Sauti /l/ nayo hulingana na /r/: mbili ni mbiri. Ukizifuata kanuni hizo, mzizi tul- wa Kiswahili ni hur- wa Kigiriama, na kiambishi cha kutendea ambacho katika Kiswahili kimebaki -i- kimehifadhiwa huko kikamilifu kama -ir-. Mvuvi wa Kiswahili wa Mambrui na mkulima wa Kigiriama wa bara ya Malindi wanatumia neno moja la mababu, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Wafasiri wa maandiko ya dini waliitambua tofauti baina ya tulia na shwari. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, kwenye kisa cha dhoruba katika Injili ya Marko, bahari inapoamrishwa kama kiumbe chenye masikio, vitenzi vinavyotumika ni nyamaza na tulia. Amri inapokwisha kutekelezwa na msimulizi anapoeleza hali iliyofuata, neno linalotumika ni shwari. Katika tafsiri ya Kurani ya Ali Muhsin al-Barwani, nafsi yenye yakini inayoitwa kurudi kwa Mola wake inaelezwa kwa kitenzi tua. Wafasiri wa dini mbili tofauti, bila kushauriana, waliipa nafsi na kiumbe kinachotii neno la jamii ya tua. Shwari ilibaki ya maji.

Je, "bahari tulivu" ni kosa? Hapana. Lakini maana yake inasogea kidogo. Bahari shwari ni bahari isiyo na mawimbi kwa sasa. Kesho inaweza kuwa nyingine. Sehemu ya bahari iliyo tulivu ni ile ambayo kwa kawaida yake haina msukosuko, kama mkono wa bahari wa Mida karibu na Watamu, unaokingwa na nchi kavu hata kusi inapovuma nje. Shwari ni ya wakati. Utulivu ni wa mwenyewe.

5.0 Tuliza: utulivu wa kutendeshwa

Kitenzi tulia kikiingia katika kauli ya kutendesha hutoa tuliza. Hapo mtendaji na mtendwa hutengana, na swali la nani ananufaika huzuka. Dawa ya kutuliza maumivu haiponyi jeraha. Inanyamazisha habari zake. Polisi wa kutuliza ghasia hawaondoi sababu ya ghasia. Anayetulizwa si lazima awe ametulia.

Historia ya Kilifi inao mfano usiosahaulika. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola, aliwahimiza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa za serikali ya kikoloni ya Uingereza. Viapo vilifanywa Kaya Fungo. Oktoba mwaka huo viongozi hao wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, mbali sana na kwao. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka na kuanza safari ya kurudi. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Mapigano yalifuata, nyumba zikachomwa, Wagiriama wakatozwa faini, na waliokuwa wakiishi kaskazini ya mto Sabaki wakatakiwa kuhama.

Msamiati wa utawala wa kikoloni ulikuwa na neno la heshima kwa shughuli za namna hii, neno ambalo kwa Kiswahili ni kutuliza. Katika ripoti, nchi iliyochomwa na kutozwa faini ilihesabiwa kuwa imetulia. Mfasiri wa leo anayeitafsiri ripoti kama hiyo ana uamuzi wa kufanya. Akiandika kwamba nchi ilitulia, ameifanya nchi kuwa mtenda. Akiandika kwamba ilitulizwa, ameacha mlango wazi kwa msomaji kuuliza: na nani, kwa nini, kwa gharama gani? Herufi moja ya kauli ya kutendesha inabeba dhamana ya historia nzima. Kaya Fungo ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2008.

6.0 Maneno jirani

Upole ni sifa inayoelekezwa kwa mwingine. Mtu akiwa peke yake kisiwani anaweza kuwa mtulivu, lakini upole wake hauna wa kumfikia. Ndiyo maana "pole" ni neno la kumpa aliyefikwa na jambo. Hakimu anaweza kutoa hukumu kali akiwa mtulivu kabisa. Mpole hataitwa kwa sababu ya utulivu huo. Mgonjwa wa insha iliyotajwa mwanzoni alitulia. Hapakuwa na mtu aliyemfanyia upole.

Mwanana husifu hasa upepo: upepo mwanana ni ule unaovuma bila kuudhi. Ni tofauti na shwari, kwani katika shwari hakuna upepo wa kusifiwa.

Makini limebadilika. Katika matumizi ya zamani lilikaribiana na utulivu wa nafsi na heshima ya mwenendo. Leo wengi hulitumia kwa maana ya uangalifu. Msomaji wa maandishi ya kale asiharakishe kulipa maana ya leo.

Kimya kinahitaji tahadhari zaidi. Kimya ni kukosekana kwa sauti, na hakisemi lolote juu ya yaliyomo ndani. Wahenga walionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, magharibi ya mji wa Malindi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto. Kwa mpita njia wa barabarani msitu ule ulikuwa kimya. Kuuita mtulivu kungekuwa kosa la lugha, na zaidi ya kosa la lugha.

7.0 Mwongozo kwa mfasiri

Kutokana na uchanganuzi huu, sifa bainifu za maneno makuu zinaweza kupangwa hivi, alama ya kujumlisha ikionyesha kuwako kwa sifa na ya kutoa kutokuwako kwake:

Shwari: [-nafsi] [+hali ya nje] [+ya muda] [-upatanisho]
-tulivu: [±nafsi] [+kufikia kituo] [-ya muda] [+upatanisho]
-pole: [+nafsi] [+kumwelekea mwingine] [+upatanisho]
Kimya: [±nafsi] [-sauti] [-habari ya ndani]

Mfasiri anayekutana na "calm" anaweza kujiuliza maswali manne kwa mfululizo. Je, kinachosemwa ni hali ya hewa, bahari au mambo kwa jumla? Atumie shwari. Je, ni nafsi, mahali au kiumbe kilichofikia kituo baada ya msukosuko? Atumie tulia au -tulivu. Na ikiwa kuna aliyekifikisha hapo kwa nguvu au kwa dawa, atumie tuliza katika kauli ya kutendwa. Je, ni namna ya kumtendea mwingine? Atumie -pole. Je, ni sauti tu? Atumie kimya au -nyamavu.

Manufaa ya maswali haya huonekana wazi wakati wa dharura. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Afrika Mashariki, wavuvi wa pwani ya Kenya walitakiwa wasiingie baharini. Tangazo la wakati kama huo hubeba habari mbili zinazopingana kwa juu: watu watulie, na bahari haitakuwa shwari. Mtangazaji anayetumia neno moja kwa yote mawili atakuwa amemwambia mvuvi wa Ngomeni au Takaungu jambo lisiloeleweka, katika saa ambayo kutoeleweka kuna madhara.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maneno yanayopangwa na kamusi chini ya "calm" si sinonimu kamili. Shwari huja na kupita bila mwenyewe, utulivu hufikiwa, upole hupewa mwingine, kimya huficha au hustahi, lakini hakishuhudii. Tofauti hizo zinathibitishwa na mofolojia ya Kiswahili, na udugu wake na Kimijikenda, na maamuzi ya wafasiri wa maandiko, na matukio ya pwani yenyewe kuanzia 1498 hadi leo.

Inapendekezwa kwamba kamusi za lugha mbili zitakazotungwa ziache desturi ya kutenganisha maneno haya kwa mkato, na badala yake zitoe kila neno pamoja na nomino linazoambatana nazo. Inapendekezwa pia kwamba walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao kukusanya matumizi ya maneno haya bandarini, sokoni na majumbani, Kilifi, Malindi, Mambrui na kwingineko, kabla ya kuyatafuta kamusini. Mzee aliyevua samaki kwa kusi na kaskazi maisha yake yote hatapotewa na tofauti ya bahari shwari na mtu mtulivu. Kazi iliyobaki ni kuiandika tofauti hiyo ipasavyo, ili msahihishaji anapopiga mstari mwekundu awe na sababu ya kuandika pembeni.